Vidonge vya damu visipofanya kazi: dalili za upungufu wa vitamini kwa wenye maradhi ya seliaki

Wapo wagonjwa ambao hufika zahanati wakiwa na uchovu, kizunguzungu na viganja vilivyopauka. Hupimwa, huambiwa damu imepungua, na hupewa vidonge vya madini ya chuma. Miezi mitatu baadaye wanarudi na damu iko pale pale. Mara nyingi chanzo ni malaria, minyoo, hedhi nzito au chakula kisichotosha, na hayo ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Lakini yakishachunguzwa yote na damu bado haipandi, kunabaki swali ambalo haliulizwi vya kutosha: je, utumbo wenyewe unafyonza kile unacholetewa?

Kwa mtu mwenye maradhi ya seliaki, jibu ni hapana. Haya ni maradhi ya kurithi ambapo kinga ya mwili hushambulia utumbo mwembamba kila mgonjwa anapokula gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Ukuta wa utumbo huo una vijinyuzi vidogo mno vinavyonyonya lishe na kuipitisha kwenye damu. Gluteni inapozidi kuingia, vijinyuzi hivyo huchakaa na kulala bapa. Mtu anaweza kula vizuri, tena kwa wingi, na mwili wake ukabaki na njaa.

Aliyegundua kwamba ngano ndiyo chanzo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, aliyeandika matokeo yake mwaka 1950. Kwa hivyo wengi hudhani huu ni ugonjwa wa Wazungu. Sivyo. Miongoni mwa Wasahrawi wa Sahara Magharibi, hapa hapa Afrika, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulipata watoto 5 hadi 6 wenye seliaki kwa kila 100, kiwango cha juu kuliko cha nchi nyingi za Ulaya. Na sisi siku hizi tunakula ngano asubuhi hadi jioni: mandazi na chai, chapati kwa maharagwe, mkate wa watoto wa shule.

Dalili inayojulikana zaidi ni kuhara kusikoisha, tumbo kujaa gesi na kupungua uzito. Tatizo ni kwamba watu wazima wengi hawaharishi kabisa. Kinachowafikisha hospitalini ni upungufu wa vitamini na madini, na hapo ndipo inafaa tuwe makini.

Madini ya chuma hufyonzwa mwanzoni mwa utumbo mwembamba, sehemu ile ile inayoharibiwa zaidi, kwa hivyo huwa miongoni mwa ya kwanza kupungua. Mgonjwa huchoka akipanda ngazi, moyo humwenda mbio, kucha huwa dhaifu, nyingine zikabonyea kama kijiko. Wengine hupata hamu ya kula udongo au odowa. Tumezoea kuona odowa kuwa mambo ya wajawazito tu, lakini hamu hiyo kwa mtu yeyote ni sababu ya kupima damu.

Foleti nayo hufyonzwa sehemu hiyo. Ikipungua, ulimi huwa mwekundu, laini na wenye kuuma, vidonda vya mdomo hurudi kila mara, na damu hupungua kwa namna ambayo vidonge vya chuma peke yake haviwezi kuirekebisha. Kwa mwanamke anayetarajia kushika mimba jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu foleti ndiyo inayomkinga mtoto asizaliwe na kasoro ya uti wa mgongo. Seliaki isiyotibiwa pia huhusishwa na mimba kuharibika na ugumu wa kupata mtoto.

Vitamini B12 ikikosekana, huguswa neva: ganzi na kuchomachoma miguuni, kuyumba ukitembea gizani, kusahau, huzuni isiyo na sababu. Hapa kuna tahadhari. Vidonge vya foleti vinaweza kuinua damu huku neva zikiendelea kuharibika kimya kimya. Ukiwa na ganzi, mwambie daktari kabla ya kuendelea na vidonge vya damu pekee.

Vitamini D na kalisi huenda pamoja. Watoto hupata matege na huchelewa kukua. Watu wazima hulalamikia maumivu ya mifupa, mikazo ya misuli, na mifupa kuvunjika kwa ajali ndogo. Vitamini A ikipungua mtu haoni vizuri jioni. Vitamini K, ufizi hutoka damu na ngozi hupata michubuko kwa urahisi. Zinki, vidonda huchelewa kupona.

Kwa mtoto, angalia kijitabu cha mama na mtoto. Mstari wa uzito uliokuwa ukipanda vizuri ukianza kulala miezi michache baada ya kuanzishiwa biskuti, mkate au uji wenye ngano, tena tumbo likiwa limevimba na mtoto akiwa mnyonge, mwonyeshe mhudumu mstari huo.

Wengi hukosea hatua inayofuata: wakisikia habari za gluteni, wanaacha ngano siku hiyo hiyo, kisha wanaenda kupimwa. Usifanye hivyo. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili zinazotengenezwa wakati gluteni ingali inaliwa. Ukiiacha, majibu yanaweza kuonyesha huna ugonjwa. Endelea kula kama kawaida hadi upimwe. Zahanati itakupa rufaa kwenda hospitali kubwa, ambako daktari anaweza pia kuingiza mpira mwembamba wenye kamera na kuchukua vipande vidogo vya utumbo kwa uchunguzi.

Ikithibitishwa, dawa ni kuacha gluteni maisha yote. Kwa jikoni zetu hilo si gumu kama linavyosikika. Ugali wa mahindi, wimbi, mtama, wali, muhogo, viazi, nduma, matoke, githeri na ndengu havina gluteni kwa asili yake. Ugumu uko kwenye posho mill iliyotoka kusaga ngano kabla ya mahindi yako, unga wa uji uliochanganywa, soseji na smokie, mchuzi wa soya, na mafuta yaliyokaangia mandazi kisha yakakaangia viazi. Bia nyingi ni za shayiri. Mkatoliki azungumze na padri wake kuhusu hostia yenye gluteni kidogo mno.

Kuna jambo jingine ambalo hata wenye ugonjwa huu hulisahau. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano na wa mahindi unaopakiwa viwandani uongezwe madini ya chuma, zinki, foleti na vitamini nyingine. Anayeacha mkate na kuhamia unga wa posho mill anakwepa gluteni, lakini anapoteza virutubisho hivyo pia. Afidie kwa managu, terere, kunde, maharagwe, omena, mayai, maziwa na nyama au maini. Vidonge vya chuma vimezwe na maji au juisi ya chungwa, kamwe si na chai, maana majani ya chai huzuia chuma kufyonzwa.

Utumbo wa mtoto hupona ndani ya miezi kadhaa. Wa mtu mzima unaweza kuchukua miaka miwili au zaidi. Katika kipindi hicho daktari atarudia kupima damu, foleti, B12 na vitamini D. Wazazi, ndugu na watoto wa mgonjwa wapimwe pia, hata kama hawana dalili yoyote, kwa kuwa takriban mmoja kati ya kila 10 wao huwa nao.