Uchanganuzi wa Amri za Kiswahili katika Michezo ya Maandishi ya Kompyuta: Tatizo la Kiambishi cha Yambwa

Makala haya yanaeleza jinsi programu ya mchezo wa maandishi inavyoweza kuelewa amri za Kiswahili. Mchezo wa aina hii hauna picha: mchezaji husoma maelezo ya mahali alipo, kisha huandika analotaka kutenda. Adventure, uliotungwa Marekani na Will Crowther mwaka 1976 na kupanuliwa na Don Woods mwaka 1977, ulipokea amri za neno moja au mawili, tena ulilinganisha herufi tano tu za mwanzo wa kila neno. Kwa Kiingereza, ambacho amri yake huanza na mzizi wa kitenzi, zilitosha.

Kwa Kiswahili hazitoshi. Ichukuliwe hali ya kubuni: mchezo unaanzia katika tembe huko Unyambwa, mkoani Singida. Ndani mna kibuyu cha asali, mkoba na mlango. Nje amefungwa mbuzi. Mchezaji akiandika *kifungue*, *kifunge* au *kifunike*, programu huona *kifun-* tu. Kufungua na kufunga, vitendo vilivyo kinyume, huwa kimoja. Hivyo kiambishi cha yambwa hakina budi kutengwa kwanza na kiishio *-e* kurudishwa kuwa *-a*, ndipo kitenzi kitafutwe katika msamiati. Kazi hiyo ina malipo yake: *ki-* yenyewe huonyesha kwamba kinachokusudiwa ni kibuyu.

Ugumu halisi umo katika *u-*. *Ufungue* yaweza kuwa na yambwa (mlango au mkoba), au *u-* ikawa kiima cha nafsi ya pili katika hali tegemezi. *Ufungue mlango* haina madhara, kwani maana zote mbili huleta tendo lile lile. *Ufungue kibuyu* hubakiza kiima peke yake, kwa kuwa upatanisho wa yambwa umevunjika. Naye mbuzi, ingawa umbo lake ni la ngeli ya I-ZI, hudai *mfungue*; uhai sharti uandikwe katika msamiati.

Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, katika makala yake ya mwaka 1992, alitumia mfumo wa ngazi mbili wa Kimmo Koskenniemi (1983) kuchanganua mofolojia ya Kiswahili. Uchanganuzi wa namna hiyo hutoa maana zote zinazowezekana za neno, na uteuzi huachiwa muktadha. Katika matini ya kawaida muktadha hauna mipaka. Katika mchezo ni orodha fupi ya vitu vilivyomo chumbani. *Ufungue* ikibaki peke yake, programu haipaswi kukisia, bali kumwuliza mchezaji: mlango au mkoba?