Njia za Kuingia Katika Kazi ya Taa za Jukwaani

Taa za ukumbi wa maigizo huajiri watu wa aina tatu, na anayetafuta mafunzo aanze kwa kujua anataka kuwa yupi kati yao. Wa kwanza ni mbunifu wa mwanga. Huyu husoma tamthilia, hukaa na mwongozaji na mbunifu wa maleba, kisha huamua mwanga utoke upande gani, uwe wa rangi gani na ubadilike lini. Wa pili ni fundi umeme wa jukwaa, anayepanda ngazi, kufunga taa kwenye mabomba, kuvuta nyaya na kuhakikisha saketi haizidiwi. Wa tatu huketi kwenye meza ya kuendeshea taa, akaingiza kila badiliko la mwanga kwenye kumbukumbu ya meza hiyo na kulitoa kwa wakati wake usiku wa onyesho. Kumbi kubwa za London na New York huwapa watu mbalimbali kazi hizo. Dar es Salaam au Nairobi, mara nyingi mtu mmoja huzibeba zote, na huenda akatwishwa na spika juu yake.

Ubunifu wa mwanga kama somo la chuo una umri wa karibu miaka mia moja. Stanley McCandless, aliyesomea usanifu majengo Harvard, alianza kuufundisha Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, katikati ya miaka ya 1920, na mwaka 1932 akachapisha kitabu cha utaratibu wake. Aligawa jukwaa katika maeneo madogo, na kila eneo akaliwekea taa mbili zinazomulika kutoka juu, moja kulia na nyingine kushoto, kwa pembe ya nyuzi 45. Moja aliipa rangi ya joto, ya pili rangi ya ubaridi. Uso wa mwigizaji ukapata umbo lake, haukuonekana tena bapa. Wanafunzi wengi bado huanzia hapo, ingawa ngoma huhitaji zaidi taa za ubavuni, ambazo ndizo zinazochonga mwili wa mchezaji.

Kati ya wanafunzi wa McCandless alikuwapo Jean Rosenthal, aliyefanya kazi kwa miaka mingi na kundi la ngoma la Martha Graham na kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuufanya ubunifu wa mwanga kuwa taaluma inayojitegemea. Alifariki mwaka 1969. Tuzo za Tony za Marekani zilianza kuwatambua wabunifu wa mwanga mwaka uliofuata.

Njia ya kwanza ni chuo kikuu. Faida yake ni kwamba mtu husoma tamthilia, historia na uchoraji pamoja na taa, tena hupata miaka kadhaa ya kukosea bila kumtia mtu hasara. Kasoro yake ni ada na muda. Shahada ya uzamili ya ubunifu nchini Marekani kwa kawaida huchukua miaka 3. Shule ya tamthilia ya Yale iliondoa ada mwaka 2021 baada ya mfadhili David Geffen kuichangia dola milioni 150, lakini kuipata nafasi hapo ni kazi kubwa. Uingereza, chuo cha Rose Bruford kimekuwa na shahada ya kwanza inayohusu mwanga wa jukwaa hasa. Afrika Mashariki mambo ni tofauti: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Kenyatta na Makerere hufundisha sanaa za maonyesho kwa jumla, na taa huwa sehemu tu ya masomo. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, imekuwa na ufundi wa jukwaa miongoni mwa mafunzo yake.

Kijitabu cha chuo hakisemi mengi. Afadhali kuuliza ni maonyesho mangapi hupandishwa jukwaani kwa mwaka, na ni nani hasa anayeshika taa: mwanafunzi au mtumishi wa ukumbi. Chuo chenye taa kumi zinazowaka na maonyesho sita kwa mwaka kinashinda chenye ukumbi mpya unaofungwa kwa kufuli mpaka aje mgeni rasmi.

Njia ya pili ni uanagenzi, na hii haina aibu yoyote. Jennifer Tipton, mmoja wa wabunifu wanaoheshimiwa zaidi Marekani, alisomea fasihi ya Kiingereza Chuo Kikuu cha Cornell, akawa mchezaji wa ngoma, kisha akajifunza mwanga kwa mbunifu Thomas Skelton na kuwa msaidizi wake. Baadaye yeye mwenyewe alifundisha Yale kwa miaka mingi. Mwanagenzi huona yale ambayo darasa haliwezi kuonyesha: namna mbunifu anavyokubali wazo lake likataliwe saa sita za usiku, na namna ya kulenga taa thelathini kabla waigizaji hawajafika. Hatari ni kugeuzwa kibarua wa kubeba nyaya. Ikipita miezi sita mwanagenzi hajaruhusiwa kulenga taa wala kugusa meza, atafute bwana mwingine.

Hapa kwetu mabwana wa kazi hiyo hawapatikani kwenye kumbi za maigizo peke yake. Wengi wako kwenye kampuni zinazokodisha vyombo vya matamasha, harusi na mikutano, kwenye studio za televisheni, na katika makanisa makubwa yenye taa na meza za kisasa.

Njia ya tatu ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, nayo ni ufundi umeme. Umuhimu wake ulionekana mwaka 1903, cheche za taa ziliposhika pazia katika ukumbi wa maigizo wa Iroquois, Chicago, na watu takriban 600 wakafa. Sheria zimekazwa tangu hapo, lakini umeme haujabadilika tabia. Vyuo vya VETA Tanzania na vyuo vya ufundi vya Kenya hufundisha kufunga umeme, na Tanzania anayefunga mifumo ya umeme hutakiwa kuwa na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Kozi hizo hazitaji jukwaa hata mara moja. Hata hivyo hesabu zake ni zile zile: saketi ya ampea 15 kwenye volti 230 hubeba wati 3,450, yaani taa tatu za balbu za wati 1,000, si nne. Anayesoma kitabu cha Marekani, ambako umeme ni volti 120, hana budi kuzifanya hesabu zake upya. Taa za LED zimepunguza mzigo sana, ila bado zina uzito, na kila moja inayoning'inia juu ya vichwa vya watu lazima ifungwe mnyororo wa usalama.

Upande wa meza, mengi mtu anaweza kujifundisha. Taa za jukwaani hupokea amri za meza kwa mfumo uitwao DMX512, uliobuniwa Marekani mwaka 1986, wenye chaneli 512 katika kila mkondo wa mawasiliano. Taa ya kawaida hutumia chaneli moja. Taa inayozunguka yenyewe huweza kutumia zaidi ya 20, kwa hiyo taa ishirini na kitu za namna hiyo hujaza mkondo mzima. Watengenezaji wa meza kama ETC na MA Lighting hutoa programu zao bure za kufanyia mazoezi kwenye kompyuta ya kawaida.

Kijana asiye na wa kumlipia ada ni bora aanze na cheti cha umeme, kisha aingie uanagenzi, na jioni ajifunze meza kwa kompyuta. Anayependa kusoma tamthilia na kuchora, na ana njia ya kulipa, aende moja kwa moja chuo kikuu, umeme asiuache. Anayeomba kazi ya ubunifu huulizwa ameangazia maonyesho gani kabla ya kuulizwa amesoma wapi. Kwa hiyo picha, michoro ya taa na orodha ya mabadiliko ya mwanga zihifadhiwe tangu onyesho la kwanza, hata kama lilikuwa la shule ya jirani.