Matairi makubwa au shokapu? Pikapu ya familia na kilima cha masika

PIKAPU ilikwama saa mbili usiku, katikati ya kilima, kwenye barabara ya udongo mwekundu inayotoka vijiji vya upande wa Mlalo kwenda Lushoto mjini. Ilikuwa Aprili, mvua ya masika imenyesha mchana kutwa. Ndani walikuwamo baba, mama na watoto watatu, na mdogo wao wa miaka miwili alikuwa na homa kali akipelekwa hospitali. Vijana wa kitongoji cha jirani walitoka na majembe, wakasukuma, wakakata matawi na kuyatandika chini ya magurudumu. Gari lilifika juu saa tano kasoro.

Mtoto alipona. Lakini tangu usiku huo baba, ambaye hutumia pikapu hiyo hiyo kushusha karoti na kabichi hadi Mombo, alikuwa na wazo moja tu: matairi makubwa. Jirani yake ameyafunga kwenye Hilux yake, limenyanyuka kama punda aliyesimama kwenye jiwe, na watoto wa mtaa wote hulishangilia likipita. Nyumbani kulikuwa na akiba ya shilingi milioni 3 na nusu, mavuno ya msimu mzima. Mama alikuwa na mashaka. Fedha hizo zilikuwa zimebeba pia ada ya mtoto mkubwa anayeingia kidato cha kwanza, na hakuona kwa nini ziishe zote kwenye mpira.

Kabla ya kununua walikubaliana jambo moja la busara: gari liende kwanza kwa fundi wao wa siku zote, mtu asiyeuza matairi.

Fundi alianza na hesabu. Hilux ya familia hiyo, ya kabati mbili, ilitoka kiwandani na matairi ya 265/65R17. Tairi la aina hiyo lina kimo cha takriban milimita 776. Yale ambayo baba aliyatamani, 285/70R17, yana kimo cha milimita 831 hivi. Tofauti ni milimita 55, na hapo ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu gari halinyanyuki kwa kiasi hicho chote. Linanyanyuka nusu yake, maana nusu nyingine ya tairi iko juu ya ekseli. Kwa maneno mengine, baada ya kutumia karibu akiba yote, difu la nyuma lingekuwa mbali zaidi na mawe kwa milimita 27. Huo ni upana wa vidole viwili vyembamba.

Milimita hizo si bure. Anayepita kwenye njia yenye mfereji mrefu uliochimbwa na malori anajua kuwa vidole viwili vinaweza kuokoa difu lisikae juu ya tuta. Ila gharama yake haiishii dukani. Tairi lililokua kwa asilimia 7 linafanya gia zote ziwe ndefu kwa kiasi hicho hicho, hivyo injini inapanda kilima kwa shida zaidi, klachi inaumia na mafuta yanaongezeka. Breki ni zile zile, lakini sasa zinasimamisha gurudumu zito na kubwa zaidi. Dashibodi iliyokuwa ikisoma sawasawa itaonyesha kilometa 80 kwa saa wakati gari linakwenda karibu 86. Usukani ukikatwa hadi mwisho, mpira unaweza kusugua madgadi, na fundi atalazimika kukata chuma au kuinua bodi. Hata tairi la akiba huenda lisiingie tena chini ya bodi mahali pake. Na anayefikiri ataokoa fedha kwa kununua manne makubwa na kubaki na akiba ndogo ajue kwamba kuchanganya vimo kwenye gari la fowili huumiza difu na giaboksi.

Kisha kuna swali la meno. Matairi ya jirani yana maandishi M/T ubavuni, yaani ya tope. Yana meno makubwa yaliyoachana, na kwenye tope zito hayana mpinzani, kwa kuwa hujisafisha yakizunguka. Lakini familia hii haiishi ndani ya tope. Mara tatu kwa wiki gari linashuka lami ya Lushoto hadi Mombo, kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Kwenye lami iliyolowa, meno makubwa yaliyoachana yanashika kidogo kuliko tairi la kawaida, na gari huchukua umbali mrefu zaidi kusimama. Tena hupiga kelele ya kuchosha. Matairi ya A/T, yaliyotengenezwa kwa barabara za aina zote, hayashindi mahali popote lakini hayaaibishi mahali pengi. Kwa gari linalobeba karoti asubuhi na watoto jioni, hilo ndilo linalohitajika.

Hapo fundi aliinama chini ya gari, na mazungumzo yakabadilika kabisa.

Matairi yaliyolikwamisha gari Aprili yalikuwa yameisha. Ndani ya mifereji ya kila tairi kuna vibonye vidogo vya mpira, na meno yakishuka hadi kulingana navyo, tairi limekwisha. Mawili ya nyuma yalikuwa yamefika hapo. La mbele kulia lilinunuliwa likiwa mtumba, na tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT zilisomeka 2313, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2013. Watengenezaji wengi husema tairi likague kila mwaka baada ya miaka mitano na lisitumike kupita miaka 10, hata kama meno yanaonekana mazima, kwa sababu mpira huzeeka kimyakimya. Lilikuwa pia la gari dogo. Namba ya uwezo wa mzigo ubavuni ilikuwa 100, yaani kilo 800, wakati pikapu hiyo inataka 112, yaani kilo 1,120 kwa kila tairi. Baba alikuwa akilipakia kabichi kila wiki bila kujua.

Shokapu mbili za nyuma zilikuwa zikivuja mafuta. Shokapu iliyokufa huliacha gurudumu liruke badala ya kukandamiza ardhi, na gurudumu lililo hewani halivuti wala halifungi breki. Kwa hiyo sehemu ya kile kilichoitwa udogo wa matairi usiku ule kilikuwa shokapu, sehemu nyingine kilikuwa vipara, na sehemu nyingine, baba alikiri mwenyewe akicheka kidogo, kilikuwa dereva. Fowili aliiweka baada ya kukwama, wakati inatakiwa iwekwe chini ya kilima kabla ya kuanza kupanda. (Na ikiisha kazi itolewe: kwenye Hilux ya aina hiyo, kutembea na fowili kwenye lami kavu kunakaza difu na kula matairi.) Upepo nao ulikuwa umejazwa kwa ajili ya mzigo, ilhali usiku ule bodi lilikuwa tupu. Tairi gumu kwenye utelezi hugusa ardhi kidogo tu. Likipunguzwa hadi PSI 20 hivi hulala chini, likaongeza urefu wa eneo linaloshika, bila senti moja. Sharti lake ni mwendo wa taratibu, na upepo kurudishwa kabla ya kufika lami, kwani tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa hupata joto na linaweza kupasuka au kutoka kwenye rimu.

Wazo la kuinua gari kwa springi ndefu lilikufa mapema. Gari lililoinuliwa hupinduka kwa urahisi zaidi, na barabara ya Mombo si mahali pa kujaribu. Winchi nayo ni kitu kizuri kwa mtu anayekwenda porini peke yake. Familia hii hukwama mahali penye watu. Kilichokosekana ni kamba nzuri ya kuvutia na shakeli mbili, pamoja na kujua pa kuzifunga. Watu wengi hufunga kamba kwenye ule mpira wa chuma wa kuvutia trela. Kamba ikivutika sana mpira huo unaweza kukatika ukaruka kama risasi, na umeshaua watu katika nchi mbalimbali. Kamba hufungwa kwenye ndoano zilizoshikwa na chesi. Watoto, ambao siku zote husogea karibu gari likivutwa, wanatakiwa wakae mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe, na nusu yake tena.

Mama naye alikuwa na orodha yake, na ndiyo iliyomnyamazisha kila mtu. Watoto wawili wakubwa huketi nyuma bila mkanda. Baba aliamini gari halina mikanda ya nyuma. Mama akainua magodoro ya kiti, akafunua kava la maua lililoshonwa Tanga, na mikanda mitatu ikatokea, mipya kabisa, haijawahi kuguswa. Kwa mdogo walihitaji kiti chake. Nchi nyingi za Ulaya humtaka mtoto atumie kiti cha watoto hadi afikie kimo cha sentimita 135 au 150, na huyu hajafika hata mita moja. Halafu kuna desturi ya kuwabeba watoto wa majirani kwenye bodi, juu ya magunia, siku za mnada. Hakuna tairi linalomshika mtoto asiyefungwa na chochote. Baba alisema itakuwa vigumu kuwaambia majirani. Mama alisema atawaambia yeye.

Walizungumza pia juu ya mto. Bomba la kupandisha hewa juu ya paa, ambalo baba alilitaja kwa matumaini, huzuia injini isinywe maji. Halizuii gari lisichukuliwe. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 60 yanatosha kusomba magari mengi, pikapu zikiwamo, na tairi pana lililojaa hewa huelea vizuri zaidi kuliko jembamba.

Mwishowe walinunua matairi matano mapya ya A/T ya kipimo kile kile cha kiwandani, shokapu nne, pampu ndogo ya upepo inayotumia betri ya gari, kipima upepo, kamba na shakeli, na kiti cha mtoto kilichotumika lakini kizima. Fedha iliyobaki haikuwa nyingi, lakini ada ya muhula wa kwanza ilitimia.

Mvua za vuli zilipoanza Novemba, baba alifika chini ya kilima kile kile jioni akiwa na familia yote. Alisimama. Akaweka fowili, akashuka na kipima upepo, akapunguza tairi moja baada ya jingine huku mtoto mkubwa akimmulikia kwa simu na kumsomea namba. Walipanda kwa gia ya pili, polepole, nyuma ikiteleza mara mbili na kurudi. Juu kabisa, pembeni mwa lami, pampu iliunguruma karibu nusu saa kujaza yote manne. Mdogo aliamshwa na kelele hiyo, akalia, na mama akashuka naye kumtembeza.