Jirani Asiyesali Nasi

Katika umoja wetu wa akina mama tunalo daftari la michango. Mwenzetu akifiwa, akiugua au akijifungua, jina lake husomwa, na kabla jua halijatua unga, sukari na fedha kidogo huwa vimefika kwake. Kwa miaka mingi tulilionea fahari daftari hilo. Hatukujiuliza ni nani ambao majina yao hayamo.

Siku moja alifariki baba mmoja wa mtaani kwetu. Alikuwa Mwislamu, akazikwa siku ileile. Mkewe tulimfahamu sote, maana ndiye aliyetuuzia vitumbua asubuhi pale kituo cha basi. Tulimpa pole, tukapita. Tulisema mioyoni kwamba wenzake wa msikitini watamwangalia. Ndugu zake walikaa matanga, kisha wakarudi makwao.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi 4 na siku 10, na muda huo hubaki nyumbani, asitoke ila kwa jambo la lazima. Mama huyu ana watoto wanne, na kile kituo cha basi ndicho kilichokuwa shamba lake. Wiki ya tatu mtoto wake alikuja kwa mmoja wetu kuomba chumvi. Alipoulizwa wamepika nini nyumbani, alitazama chini.

Tuliona aibu, kwa kuwa tulikumbuka jambo. Mwenzetu alipofiwa na mwanawe, mama huyuhuyu alikuja alfajiri na ndoo kichwani, akateka maji, wala hakuondoka mpaka sufuria ya mwisho ilipooshwa. Hakutuuliza tunasali wapi.

Msamaria alifanya nini?

Juma lile tulisoma tena mfano wa Msamaria katika Luka 10. Safari hii tulihesabu matendo yake. Alimkaribia majeruhi, akamtibu vidonda kwa mafuta na divai, akamfunga, akampakia juu ya mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni na kumwuguza. Kesho yake alitoa dinari mbili, kama ujira wa kibarua wa siku mbili, akaahidi kulipa zaidi atakaporudi. Wayahudi na Wasamaria hawakuwa na mapatano, lakini katika habari yote hiyo hatusikii akimwuliza majeruhi dini yake.

Wakristo wa kwanza walilielewa jambo hili. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu wote watoe sadaka kwa miungu ya Roma, na Wakristo wengi waliokataa waliteswa na kufungwa. Muda mfupi baadaye tauni iliingia Carthage, karibu na mji wa leo wa Tunis. Watu waliwakimbia wagonjwa wao. Askofu Cyprian aliwahimiza waumini wake wawahudumie wote, hata wapagani waliokuwa wakiwachukia. Miaka zaidi ya 100 baadaye Kaisari Julian, aliyeuacha Ukristo, alimwandikia kuhani wake mkuu kwa uchungu kwamba Wakristo huwalisha maskini wao na maskini wa wapagani pia. Huyo hakuwa rafiki yao, lakini matendo yao aliyaona.

Tulikwenda kuuliza

Basi tulikwenda watano kwa yule mama, tukamwuliza tumsaidieje. Alitujibu, "Dada zangu, sitaki sadaka. Mikono ninayo. Nataka mtu wa kuniletea nazi na kunisagishia mchele, na mtu wa kuniuzia vitumbua." Tukagawana zamu. Yeye alipika nyumbani kwake, sisi tukauza kituoni na kumrudishia fedha zote, zikiwa zimehesabiwa.

Mwenzetu mmoja alishauri tuweke kijitabu cha Injili ndani ya kapu la mchele. Mama mzee wa umoja wetu alikataa. "Wanangu," alisema, "mjane huyu kwa sasa hana pa kwenda. Tukimpa mchele ili aje kwetu, huo ni mtego. Siku akituuliza kwa nini tunafanya hivi, tutamwambia wazi, wala hatutaona haya."

Mama msomaji, huenda na kwako yuko jirani wa namna hiyo. Tulijifunza mambo machache. Uliza kwanza, maana anayepungukiwa ndiye ajuaye alichopungukiwa. Heshimu desturi yake: ukimpelekea Mwislamu chakula, mpe mchele, unga au maharage apike katika vyungu vyake, wala usimpelekee nyama usiyojua imechinjwa na nani. Usiitangaze shida yake kanisani. Tena, usichoke wiki ya pili, kwa kuwa wengi huja siku ya msiba na wachache hubaki matanga yakiisha.

Eda ilipokwisha, mama yule alirudi kituoni. Anasali kwao, nasi twasali kwetu. Siku moja alituuliza kwa nini tulifanya vile, tukamweleza habari za Bwana wetu. Alisikiliza, akashukuru, akaendelea kupika. Mwenzetu alipofanyiwa upasuaji, wa kwanza kubisha hodi alikuwa yeye, na uji wa moto mkononi.

Daftari letu sasa lina ukurasa mpya mwishoni. Hauna kichwa cha habari. Jina la kwanza ni lake.