Chakula Kabla ya Kisu, Usingizi Baada Yake

Mwaka 1936, daktari Hiram Studley wa Cleveland, Marekani, alichunguza uzito wa wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliofanyiwa upasuaji. Kati ya waliokuwa wamekonda kwa zaidi ya asilimia 20, theluthi moja walifariki. Kwa wengine, vifo vilikuwa asilimia 3.5 tu.

Sababu inaeleweka. Mwili hujenga kovu na kinga kwa protini. Ikikosekana kwenye chakula, huichota kwenye misuli yake wenyewe, hata ile ya kupumulia. Mgonjwa hushindwa kukohoa vizuri, makohozi hubaki kifuani, nimonia ikafuata.

Kwa hiyo aliyekuwa na kilo 60 akashuka hadi 54 ndani ya miezi sita bila kukusudia, amwambie daktari mapema. Upasuaji usio wa dharura unaweza kusogezwa wiki moja au mbili ili alishwe kwanza. Familia nyingi huudhika tarehe ikiahirishwa kwa sababu hiyo. Kwangu mimi, siku hizo ni sehemu ya matibabu. Ziwe siku za mayai, dagaa, maharage, karanga na maziwa. Damu nayo ipimwe: mwanamke asiye mjamzito mwenye hemoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ana upungufu. Akipewa vidonge vya madini ya chuma, asivimeze na chai, maana chai huzuia madini hayo kufyonzwa. Chungwa husaidia.

Halafu kuna amri ya kutogusa kitu tangu usiku. Miongozo ya sasa humruhusu mgonjwa wa kawaida kula chakula chepesi hadi saa sita kabla ya nusu kaputi, na kunywa maji hadi saa mbili kabla. Mwenye kisukari au mjamzito huenda akapangiwa tofauti, hivyo neno la mwisho ni la daktari wa usingizi. Lakini kumwacha mtu na kiu tangu jioni hadi mchana wa kesho yake ni kumdhoofisha bure.

Baada ya operesheni kubwa, usingizi wa ndoto huweza kutoweka kabisa usiku wa kwanza. Maumivu, homoni za msukosuko na dawa kama mofini huuvuruga, na asiyelala huhisi maumivu makali zaidi kesho yake. Wazee ndio hupata shida kubwa: huweweseka, wakaona watu wasiokuwepo, na wapo ndugu wanaodhani mzee wao amerogwa. Aitwe daktari haraka, na vidonge vya usingizi asipewe kiholela, kwani vinaweza kuzidisha hali hiyo.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kelele za wodini usiku zisizidi desibeli 30. Maongezi ya kawaida tu hufikia 60. Ndugu wazime simu, mgonjwa afunikwe macho kwa kitambaa, ameze dawa ya maumivu kabla hayajapanda, na mchana akae kwenye mwanga na kutembea kidogo akiruhusiwa. Muuguzi naye aulizwe kama dawa ya usiku wa manane na kipimo cha presha vinaweza kwenda pamoja, mgonjwa aamshwe mara moja badala ya mbili.