Wameshapigwa X: Avatar Ilivyotazamwa Kizwite

Jioni ya mwezi Juni Sumbawanga haina huruma. Mji uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na jua likishazama, upepo wa uwanda wa Ufipa unapenya koti na sweta mpaka kwenye mifupa. Mwaka 2011, katika banda moja la video kata ya Kizwite, baridi hiyo ilikuwa inamsaidia mwenye banda kujaza mabenchi. Tulikuwa tumebanana bega kwa bega, madirisha yamezibwa kwa turubai jeusi, kiingilio shilingi 200. Mbele palikuwa na televisheni ya kichogo ya inchi 21, na chini yake sabufa kubwa kuliko televisheni yenyewe. Umeme wa mji wakati ule ulitoka mbali, Zambia, na haukuaminika, kwa hiyo jenereta ilikaa mlangoni, tayari kwa lolote.

Picha ya siku hiyo ilikuwa Avatar ya James Cameron, iliyoingia sinema Desemba 2009 baada ya kutumia dola milioni 237. Wasioiona: kampuni kutoka duniani imekwenda kuchimba madini ya thamani kwenye mwezi uitwao Pandora, na wenyeji, watu warefu wa rangi ya buluu, wanakaa juu ya madini hayo. Makatapila yalipoingia msituni kung'oa miti yao mitakatifu, kijana mmoja aliyekalia ndoo iliyopinduliwa akasema kwa sauti: "Hao wameshapigwa X!"

Banda zima likaangua kicheko. Kila Mtanzania anaijua ile X nyekundu inayochorwa ukutani nyumba ikiwa ndani ya hifadhi ya barabara na zamu yake ya kubomolewa imekaribia. Na miaka ile barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilikuwa inawekwa lami kwa msaada wa Marekani, hivyo katapila lilikuwa linaonekana hata mchana, bila kiingilio. Baadaye makombora yakauangusha mti mkubwa walimokuwa wakiishi watu wa buluu. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Kwenye kimya hicho mzee mmoja aliyekaa nyuma, amejikunyata ndani ya koti lake, akauliza: "Na fidia je?"

Hakuna aliyemjibu.

Kazi yangu ni kuwaeleza watu jinsi filamu inavyotengenezwa na jinsi inavyomfanya mtazamaji atikisike. Nimewasikia watu wengi wakiieleza Avatar, wengi wao wakisifia rangi, misitu inayong'aa na milima inayoelea. Swali la yule mzee ndilo lililonifundisha zaidi, na sababu yake ni ya kiufundi.

Kilichofika Kizwite

Nyoosha kidole mbele ya pua yako. Fumba jicho la kulia, kisha lifumbue na ufumbe la kushoto. Kidole kitaonekana kinaruka upande. Macho yetu yameachana kwa sentimita sita hivi, kwa hiyo kila jicho hupokea picha iliyo tofauti kidogo na ya mwenzake, na ubongo huitumia tofauti hiyo kukadiria umbali. Avatar ilitengenezwa kwa kanuni hiyo. Ukumbi wa sinema ulirusha picha mbili, moja ya kila jicho, na miwani maalumu ikazitenganisha. Mtazamaji akaona jani linapita karibu na pua yake na bonde linazama mbali nyuma ya kioo.

Kizwite ilipata picha moja, tena bapa. Hata hiyo moja haikuwa nzima. Picha ya dijitali ni mkusanyiko wa nukta ndogo. Nakala ya kawaida ya ukumbi wa dijitali ilikuwa na nukta 2,048 kwa upana na 1,080 kwa urefu, jumla zaidi ya milioni 2.2. CD ya video ya aina iliyozagaa mitaani ilikuwa na nukta 352 kwa 288, yaani 101,376. Gawanya mwenyewe: katika kila nukta 22 zilizomfikia mtazamaji wa ukumbini, Kizwite ilifika moja.

Halafu kuna kubana. Ili filamu ya karibu saa tatu ienee kwenye CD mbili au tatu, programu hutupa taarifa ambazo inadhani jicho halitazikosa, na za mwanzo kutupwa ni tofauti ndogondogo za rangi na za giza. Sasa fikiria msitu wa Pandora usiku, ambako uzuri wote ni mwanga hafifu juu ya giza. Pale bandani msitu ule ulikuwa vigae vyeusi na vya kijani vinavyotetemeka.

Avatar ilipata tuzo tatu za Oscar: ya athari za kuona, ya upigaji picha na ya usanifu wa mandhari. Zote tatu ni za macho, na ni hayo hasa yaliyobaki njiani kabla nakala haijafika Kizwite. Kama nguvu ya filamu ile ingekuwa kwenye mapambo peke yake, Kizwite ingelala usingizi. Mbona haikulala?

Macho huzoea

Ubongo wa binadamu hugeukia kipya. Kitu kisichotarajiwa kikitokea, moyo hubadili mwendo na macho hukodoka kabla hujaamua lolote. Lakini kitu hichohicho kikijirudia, mwitikio hupungua. Ndiyo maana anayehamia kando ya barabara kuu hasikii malori baada ya wiki. Mlima wa kwanza unaoelea unakushangaza. Wa tano unakuwa mlima tu. Hata aliyevaa miwani kwenye ukumbi mzuri kuliko wote hawezi kushangaa kwa dakika 160 mfululizo.

Sisemi picha haikufanya kazi kabisa. Steringi, yaani mhusika mkuu, aliporuka kutoka jabalini akiwa juu ya mnyama wake mwenye mabawa, watoto wa benchi la mbele waliinama kulia na kushoto pamoja naye. Mwendo mkubwa wa kitu kwenye kioo hauhitaji nukta milioni mbili ili usomeke. Mabawa yanapogeuka, mwili unayafuata.

Sauti nayo ilibaki karibu nzima. Mlio mzito husikika masikioni na pia husukuma hewa mpaka benchi na kifua vikatetemeka. Wenye mabanda walilijua hilo kwa kuangalia wateja wao: televisheni ilivumiliwa na mstari wake wa kijani pembeni, lakini sabufa ikikwama ilipelekwa kwa fundi siku hiyohiyo.

La tatu ni mtafsiri. Nakala ile ilikuwa ya kutafsiriwa, kama zilivyokuwa nyingi za mabandani. Tanzania kazi hii ilimpa jina Lufufu, Kenya ikampa DJ Afro, Uganda ikawapa VJ Jingo na VJ Emmie. Mtafsiri hushusha sauti ya awali na kusema juu yake. Huwapa wahusika majina ya utani, huonya kwamba adui yuko nyuma ya mlango, hukasirika, hucheka. Wasomi wengine humwona kama mwenye kuharibu kazi ya watu, na kisheria wana hoja, kwa sababu nakala zile hazikuwa na ridhaa ya wenye mali, na Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999. Ila kiufundi angalia alichofanya. Pale ambapo sura ya mtu imegeuka vigae vinne, yeye ndiye anayekwambia huyu ni nani, amemkosea nani na sasa anataka nini. Nukta zilizopotea alizijaza kwa maneno.

Kuku aliyeonekana

Namna Waafrika wanavyoitikia filamu, kama yale makelele ya bandani, ina historia ya kueleweka vibaya. Kuanzia 1935 hadi 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, kulikuwa na mradi wa Waingereza wa kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika. Walizitembeza vijijini kwa lori, na maelezo yakatolewa kwa Kiswahili na lugha nyingine. Miaka michache baadaye Idara ya Filamu za Makoloni, iliyoundwa mwaka 1939, ikajiwekea kanuni kwamba Mwafrika aonyeshwe picha za polepole, zisizo na ujanja wa kamera, kwa kuwa mengine yatamchanganya.

Kisa kilichotumika sana kutetea mawazo ya namna hiyo ni cha filamu ya usafi iliyoonyeshwa katika kijiji kimoja cha Afrika. Watazamaji walipoulizwa wameona nini, walijibu: kuku. Watengenezaji hawakujua hata kama kuna kuku ndani yake. Wakairudia fremu kwa fremu wakamkuta kweli, amekatiza pembeni kwa sekunde moja hivi. Marshall McLuhan, msomi wa Kanada, alikitumia kisa hicho katika kitabu chake cha 1962 kueleza kwamba asiyejua kusoma maandishi hajui pia kusoma picha.

Mimi nakisoma kinyume. Mfugaji akimwona kuku kwa sekunde moja, anamwona kuku. Jicho lake limefundishwa na miaka ya kuhesabu vifaranga kabla ya kipanga kuhesabu. Ni jicho hilohilo lililoona X nyekundu mahali ambapo Cameron hakuichora.

Wazungu wenyewe wana hekaya yao. Inasemwa kwamba Paris, mwaka 1896, watu walikimbia ukumbini walipoona treni ya ndugu Lumière ikiwajia. Wanahistoria waliotafuta ushahidi wa taharuki hiyo hawakuupata. Walishangaa, ndiyo, huku wakijua kabisa wamelipia kiti.

Kila mtu na Pandora yake

Januari 2010 vyombo vya habari vya Marekani viliripoti watazamaji waliotoka sinema na huzuni kwa sababu Pandora haipo na wao wamerudi kwenye maisha yao ya kijivu. Mwezi uliofuata, wakazi wa Bil'in huko Palestina walijipaka rangi ya buluu wakaandamana dhidi ya uzio uliokata mashamba yao. Evo Morales, rais wa Bolivia wakati huo, aliisifu filamu kwa kuwatetea wanaolinda mazingira. Filamu ni ileile. Mmoja aliona bustani aliyoikosa, mwingine akaona uzio, na Kizwite ikaona hifadhi ya barabara.

Pia kulikuwa na pingamizi. Tulipokuwa tunatoka, vijana walibishana: mbona watu wa buluu wanaokolewa na mgeni, tena mzungu? Wahakiki wa Ulaya na Marekani walikuwa wamejaza kurasa kwa swali hilo. Kizwite walilifikia wakiwa wamesimama kwenye baridi, wanasubiri bodaboda.

Ilipokuja Black Panther mwaka 2018, Kisumu ilifanya uzinduzi wake kwa heshima ya binti wa nyumbani, Lupita Nyong'o. Wengi waliiita Wakanda ya filamu hiyo ndoto, taifa la Kiafrika lililokuwa bingwa wa chuma chake. Mtu wa Ufipa ana sababu ya kuinua nyusi. Wahenga wake waliyeyusha chuma kwenye malungu, tanuru za udongo zinazopita kimo cha mtu, zilizovuta hewa zenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto. Kisha walikisafisha kwenye tanuru ndogo, vintengwe, kwa mivukuto. Mabaki ya malungu bado yamesimama uwandani. Anayepita karibu nayo akienda shambani ataitazama Wakanda kwa jicho jingine.

Neno kwa watengenezaji wetu

Siku hizi televisheni ya kichogo imetoweka, filamu inakuja kwa flashi, na vijana wengi wanatazamia kwenye simu. Wanaotaka kutengeneza filamu huniuliza kwanza ni programu gani inafanya mlipuko uonekane wa kweli. Nawashauri fedha ya kwanza iende kwenye sauti, ya pili iende kwa mwandishi, na mlipuko usubiri. Kabla ya hapo, waende wakae benchi la nyuma kwenye banda lolote lililobaki, wageuze shingo wawatazame watazamaji, na waandike kila neno linalorushwa kwenye kioo.

Cameron alirudi mwaka 2022 na sehemu ya pili, The Way of Water, yenye maji yanayoonekana kama unaweza kuyachota kwa kikombe. Ilikusanya zaidi ya dola bilioni 2.3. Ndani yake mashine zinarudi, msitu unaungua, na familia ya steringi inafunga virago kwenda kuomba hifadhi kwa watu wa pwani. Niliitazama mpaka majina ya mwisho yakapita. Fidia haikutajwa.