Nywele Zenye Deni: Mila za Wagiriki wa Kale za Kunyoa, Kufuga na Kusuka

Katika utenzi wa Homer uitwao Iliad, Achilles anasimama mbele ya kuni zilizopangwa kuichoma maiti ya rafiki yake Patroclus, kisha anakata nywele zake. Jambo hilo lisingemshangaza Mgiriki yeyote, kwani msiba na kukata nywele vilikwenda pamoja. Uchungu wa tukio lile ulikuwa kwingine: nywele hazikuwa zake. Baba yake, Peleus, alikuwa ameziwekea nadhiri kwa Spercheus, mto wa kwao. Mwana akirudi salama kutoka vita vya Troy, zingekatwa na kutolewa kwa mto. Achilles anajua hatarudi. Anauambia mto hivyo, kisha anaziweka nywele mikononi mwa marehemu.

Sanamu za mawe zilizojaa makumbusho zinatufanya tudhani kwamba nywele kwa Wagiriki wa kale zilikuwa pambo tu. Waandishi wao wenyewe wanaeleza vingine. Nywele za Mgiriki zilikuwa na wadai wengi: miungu, wafu, watu wa ukoo, dola yenyewe. Mwenye kichwa alikuja mwisho.

Mjini Athens deni hilo lililipwa katika sikukuu ya Apatouria, iliyoadhimishwa kila mwaka majira ya vuli. Siku yake ya tatu iliitwa Koureotis, yaani siku ya kunyoa. Wavulana walipelekwa mbele ya ndugu wa ukoo, nywele zao zikakatwa na kutolewa kwa mungu wa kike Artemis, na mnyama akachinjwa. Usidhani ilikuwa karamu tu. Uraia wa mtu ulipotiliwa shaka mahakamani, mashahidi walioitwa walikuwa ni haohao ndugu wa ukoo. Kisiwani Delos, anasema mwanahistoria Herodotus, wasichana waliokaribia kuolewa walikata kishungi, wakakizungushia kijiti cha kusokotea nyuzi na kukiweka juu ya kaburi la mabikira wawili waliofika zamani kutoka kaskazini. Wavulana nao walizungushia nywele zao kwenye chipukizi bichi. Kwa kuwa hakuna mila isiyozaa majivuno, baadhi ya Waathens waliwapeleka watoto wao hadi Delphi kunyolewa huko, safari ndefu kwa mkasi mmoja. Mwanafalsafa Theophrastus aliwacheka katika maelezo yake ya mtu apendaye sifa ndogondogo: hunyoa mara kwa mara, meno yake meupe, joho hulibadilisha kabla halijachakaa.

Sparta ndiko mambo yalikokuwa mazito. Mtoto wa kiume akiwa kwenye malezi ya kijeshi alikatwa nywele zikawa fupi kabisa. Alipofikia ujana ndipo aliporuhusiwa kuzifuga, na mtu mzima alizivaa ndefu hadi mabegani. Wasparta walimtaja Lycurgus, mtunga sheria wao, kuwa ndiye aliyesema nywele ndefu humwongezea uzuri aliye mzuri na kumfanya asiye mzuri atishe zaidi. Herodotus ana asili nyingine ya desturi hiyo. Anasimulia kwamba katikati ya karne ya 6 KK Sparta na Argos zilipigania ardhi ya Thyrea. Waargos walishindwa, wakanyoa vichwa na kuapa kwamba hakuna mwanamume atakayefuga nywele wala mwanamke atakayevaa dhahabu mpaka ardhi irudi. Wasparta wakatunga sheria ya kinyume: kuanzia siku ile, wao wafuge.

Mwaka 480 KK mpelelezi wa Xerxes, mfalme wa Uajemi, aliuchungulia mlango wa Thermopylae, akawaona Wasparta wa mfalme Leonidas wakifanya mazoezi na wengine wakichana nywele. Xerxes aliona ni kichekesho. Demaratus, mfalme wa zamani wa Sparta aliyekuwa uhamishoni kambini mwake, alimweleza kwamba hawa hutengeneza nywele zao wanapojiandaa kuhatarisha maisha. Wasparta hao 300 walikufa karibu wote.

Dola hiyohiyo iliingia hadi kwenye masharubu. Kila mwaka waefori, wale viongozi watano wakuu, waliposhika madaraka walitangaza kwamba raia wanyoe masharubu na watii sheria, amri mbili kwa pumzi moja. Aliyekimbia vitani alilazimishwa kutembea na ndevu zilizonyolewa upande mmoja. Bibi arusi naye, anasema mwandishi Plutarch, alinyolewa kichwa, akavishwa joho na viatu vya kiume, akalazwa peke yake gizani kumngoja mume. Wataalamu wameeleza desturi hii kwa njia nyingi. Mimi naiona Sparta kama nchi isiyojua kumpokea mtu katika hadhi mpya bila kwanza kugusa kichwa chake.

Kwa mtumwa, nywele fupi zilikuwa alama. Katika picha za vyungu vya Athens, bibi mwenye nyumba ana shungi lililofungwa vizuri, na mjakazi anayemshikia kioo mara nyingi amekatwa karibu na ngozi. Lakini mwanamume huru wa Athens naye alipaswa kuangalia. Wazee wa zamani, anaeleza mwanahistoria Thucydides, walifunga fundo la nywele kwa vibanio vya dhahabu vyenye umbo la nyenje. Kufikia karne ya 5 KK fundo hilo lilikuwa limepitwa, na kijana mwenye nywele ndefu alidhaniwa ni mtoto wa tajiri, mpenda farasi na mpenda Sparta. Aristophanes, mtunzi wa tamthilia za vichekesho, aliwachekesha watazamaji kwa vijana wa namna hiyo.

Duka la kinyozi lilikuwa kijiwe. Theophrastus aliliita karamu isiyo na divai, kwa jinsi watu walivyopiga soga humo. Mfalme Archelaus wa Makedonia, alipoulizwa na kinyozi msemaji anyolewe vipi, alijibu: kimya kimya. Kisa cha kinyozi wa Piraeus, bandari ya Athens, mwaka 413 KK, hakichekeshi. Plutarch anasema mgeni alishuka, akakaa kunyolewa, akaanza kuzungumzia maangamizi ya jeshi la Athens huko Sicily akidhani habari zimeshafika. Kinyozi aliacha kila kitu akakimbia mjini kuwaambia wakuu. Alipoulizwa nani kamwambia, hakuwa na jina la kutaja. Wakamfunga kwenye gurudumu na kumtesa kama mzushi, mpaka wajumbe walipoleta habari ileile.

Ustadi wa usukaji wa wanawake unaonekana vizuri kwenye zile sanamu sita za wasichana wanaobeba paa la baraza la hekalu la Erechtheion mjini Athens. Misuko minene inawashukia mgongoni, na ndiyo inayoipa shingo nguvu ya kuhimili jiwe. Mwaka 2009 Profesa Katherine Schwab wa Chuo Kikuu cha Fairfield, Marekani, aliwasukisha wanafunzi wake mitindo hiyo kwa msusi wa kweli, na ikawezekana. Wachongaji walichonga walichokiona. Kuhusu vipodozi, mwandishi Xenophon anatuletea Ischomachus, mume aliyemkuta mkewe amejipaka unga mweupe wa madini ya risasi na rangi nyekundu ya mizizi. Akamshauri aache, akande unga na kukung'uta nguo, rangi ya mashavu itakuja yenyewe. Risasi ni sumu, hivyo ushauri ulikuwa mzuri. Ila kazi za nyumbani nazo zilifanyika.

Ndevu zilikuwa heshima ya mtu mzima hadi alipokuja Alexander Mkuu. Plutarch anasema aliamuru askari wake wanyoe, adui asipate pa kushika. Mtindo ukaenea, na wanafalsafa ndio waliobaki na ndevu zao, wakilalamika. Mmoja wao, Diogenes, alimuuliza aliyenyoa kama analaumu maumbile kwa kumfanya mwanamume. Dola zilijaribu kudai haki yao ya zamani juu ya nyuso za raia. Rhodes iliweka sheria ya kukataza kunyoa ndevu, lakini hakuna aliyemshtaki mwenzake kwa kuwa wote walinyoa. Byzantium ikatangaza faini kwa kinyozi atakayekutwa na wembe, na wembe ukaendelea kutumika kwa kila mtu.